Pua ya Baba Mdogo

Nairobi
9 Machi 1997

Kwa baba mdogo Joab Bogonko,

Pokea salamu zangu, na mama mdogo Nyamoita azipokee pamoja nawe. Mimi ni mzima, kile kikohozi cha Krismasi kiliisha. Mama aliniandikia kutoka Kipkelion kwamba mguu unampa nafuu siku za jua. Alisema pia huko Kaplong mvua imechelewa na majani ya chai mnayochuma hayajazi hata kikapu kimoja. Natumaini ng'ombe wako hajapunguza maziwa.

Sasa nina kazi kamili. Nilimaliza kozi ya masaji mwezi wa Desemba, nikachukuliwa na saluni moja hapa Hurlingham. Mwenyewe anaitwa Madam Rodah, mzaliwa wa Longisa. Mbele wanasuka nywele. Nyuma kuna chumba kimoja chenye kitanda na pazia la kijani, na hicho ndicho changu. Nakanda watu kwa mafuta ya kunukia: lavenda, mkaratusi, rozmari, jeraniamu, mchaichai. Usifikiri ni marashi. Yanatolewa kwenye majani na maua kwa mvuke, ni makali sana, na hayagusi ngozi mpaka yachanganywe na mafuta mengine mapole kama ya lozi au alizeti. Mtu asiyelala usingizi ana mchanganyiko wake, mwenye mgongo ana wake.

Shida yangu ni huo mchanganyiko. Kwenye kozi tulikaririshwa majina ya mafuta na hatari zake, lakini kunusa hatukufundishwa. Kila ninachochanganya kinanuka kama dawa ya kikohozi. Madam Rodah ananivumilia tu.

Ndipo nikakukumbuka. Ulikaa miaka ishirini na sita kwenye meza ya kuonja chai. Nikiwa darasa la tatu ulinisimamisha mlangoni pale kiwandani, ukanusa vikombe kumi, ukasema cha tano majani yake yalikaushwa kwa haraka. Wakaenda kuangalia kitabu cha mashine, ikawa hivyo. Sijawahi kusahau.

Nimekutumia chupa tatu ndogo ndani ya soksi. Kila moja nimeandika ndani yake kuna nini na matone mangapi. Ninusie, uniambie nimeharibu wapi.

Mimi mtoto wako,
Janefer Nyatichi


Kaplong
2 Aprili 1997

Kwa binti yangu Janefer,

Barua yako na soksi yako vimefika salama. Nyumbani sote tuko sawa. Mvua ilianza Jumatatu, na mama yako mdogo ameshinda shambani tangu siku hiyo. Ng'ombe amezaa, ni ndama jike. Marehemu baba yako angefurahi kusikia una chumba chako cha kazi, maana yeye alikuwa akisema wewe utakuwa mtu wa kutumia mikono.

Sikiliza nikwambie tulivyofanya kwenye chai. Chai inayouzwa dukani haitoki shamba moja. Moja inaletwa kwa sababu ya rangi, nyingine harufu, nyingine nguvu ya kushika maziwa. Mafuta yako pia ni hivyo. Usichanganye kwa kufuata majina, fuata muda yanaokaa. Kuna yanayokimbilia puani na kuondoka upesi, kama mchaichai, machungwa na mkaratusi. Kuna ya katikati, kama lavenda na jeraniamu, ambayo ndiyo mwili wenyewe. Na kuna mazito yanayokaa chini kuwashika wengine wasitoroke, kama ya mti wa mtarakwa. Ukikosa haya mazito, mchanganyiko unakufa kabla mteja hajavaa viatu.

Anza na mazito, halafu ya katikati, halafu mepesi mwisho. Matone kumi na mawili kwa chupa ndogo ya mafuta ya lozi yanatosha, usizidishe. Andika kila tone. Funika, weka gizani siku mbili, ndipo unuse. Mchanganyiko wa leo bado unagombana. Na unuse asubuhi kabla hujanywa chai.

Chupa yako ya kwanza mkaratusi umewafunika wenzake, punguza nusu. Ya pili haina kitu cha chini, tia matone mawili ya mtarakwa. Ya tatu ina rangi nzuri.

Fanya kazi kwa adabu na huyo mama akuone.

Baba yako mdogo,
Joab Bogonko


Nairobi
18 Mei 1997

Kwa baba mdogo,

Salamu nyingi kwako, kwa mama mdogo na kwa huyo ndama. Hapa joto limepungua, nimehamia chumba kingine karibu na kazini, natembea kwa miguu tu.

Baba mdogo, umeniokoa. Nilifanya kama ulivyosema, mtarakwa kwanza, lavenda, kisha mchaichai tone kwa tone. Nikaweka kabatini siku mbili. Nilipofungua, Madam Rodah alikuwa anapita na taulo, akasimama, akauliza hiyo ni nini. Wateja wangu sasa ni kumi na mmoja. Mmoja ni Mwalimu Chepchirchir anayefundisha chuo kikuu. Ana mgongo mbaya, huja kila Jumanne. Huniambia siku hiyo ndiyo pekee anayolala mpaka alfajiri. Hata Madam Rodah sasa huwaambia watu kwamba nimefundishwa na mwonjaji chai wa Kericho.

Hukuniambia ile chupa ya tatu inanuka vipi, ulisema rangi tu. Si neno, nilishaimwaga.

Nina swali kubwa zaidi. Yule aliyekuwa akituuzia lavenda amefunga duka. Kuna mwingine wa River Road ana lavenda nyingi, chupa zake zimeandikwa vizuri. Nikiinusa nasikia lavenda, lakini nyuma yake kuna kitu kikali kinachokwaruza. Madam Rodah anasema ni mawazo yangu. Nimemwambia tusinunue mpaka wewe useme, naye amekubali, amesema neno lako litakuwa la mwisho. Nimekutumia kidogo. Ninusie kwa makini, baba mdogo, kwa sababu haya yanaenda kwenye ngozi za watu.

Nasubiri,
Janefer


Kaplong
21 Juni 1997

Kwa binti yangu Janefer,

Sisi wazima. Mama yako mdogo anakusalimu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli za kanisa.

Mafuta uliyotuma ni safi. Hicho kikali unachosikia nyuma ni lavenda iliyovunwa ikiwa imekomaa kupita kiasi, hata chai huwa hivyo. Pua yako bado changa, usiipe nafasi ya kukutia wasiwasi. Mwambie huyo mama anunue.

Ndama anaendelea vizuri.

Baba yako mdogo,
Joab


Nairobi
4 Agosti 1997

Baba mdogo,

Salamu nimeziacha leo, nisamehe kwa hilo tu.

Tulinunua. Jumanne tarehe ishirini na mbili Julai Mwalimu Chepchirchir alikuja kama kawaida, akalala kitandani, nikaanza na mabega. Hazikupita dakika kumi akasema, "Janefer, mgongo unachoma." Nikamwambia ni damu imeanza kutembea. Nilimwambia hivyo kwa sababu wewe ulisema mafuta ni safi, na pua yangu ni changa. Nikaendelea. Nilipoinua mikono niliona mgongo wote umeinuka mapele mekundu mahali vidole vyangu vilipopita, unaweza kuvihesabu. Kisha akaanza kukohoa, kifua kikabana, akawa anavuta hewa kama mtu aliyezama. Tulimbeba na shuka mpaka kwenye gari la jirani. Alilazwa siku tatu.

Madam Rodah alipeleka chupa kwa mtu wa duka la dawa. Yule bwana alifungua kifuniko tu. Hakuisogeza hata puani. Akasema, "Mama, hii imetiwa tapentaini ya kuchanganyia rangi. Si kidogo."

Nikamwambia Madam Rodah kwamba baba yangu mdogo alinusa. Aliniambia mbele ya wasusi wote, "Basi baba yako mdogo ni mwongo, au hana pua." Akanipa barua ya kuniachisha kazi siku hiyo hiyo.

Nimekaa chumbani wiki mbili nikifikiria. Mtu wa duka la dawa aliijua kabla haijafika puani. Wewe uliyekuwa unakijua kikombe cha tano kati ya kumi, ulikaa nayo mwezi mzima ukaniambia ni lavenda iliyokomaa.

Kati ya hao wawili aliowasema Madam Rodah, wewe ni yupi?

Janefer


Kaplong
16 Novemba 1997

Kwa Janefer,

Ningeweza kukwambia ni mvua. Umesikia redioni inavyonyesha, daraja la huku limekwenda na posta imefungwa wiki mbili. Lakini mvua ilianza Oktoba, na barua yako nilikuwa nayo tangu Agosti. Ilikaa ndani ya Biblia. Kila Jumapili niliiona.

Sina pua, Janefer.

Mwaka wa tisini na tatu nilishikwa na homa ya mafua, nikalala wiki tatu. Nilipopona nilirudi kiwandani, nikainua kikombe cha kwanza, kikawa ni maji ya moto. Nikainua cha pili, maji ya moto. Vikombe ishirini asubuhi hiyo. Nilifikiri itarudi kesho yake, kisha mwezi ujao. Haikurudi. Sinusi moshi. Mama yako mdogo akiunguza ugali simjui mpaka nione weusi kwenye sufuria.

Nilikaa pale mezani miaka miwili mingine nikiwa hivyo. Niliangalia rangi ya chai, na jinsi majani yalivyofunguka. Zaidi ya yote niliangalia uso wa Kipkemoi, mwenzangu mezani. Nafikiri alijua, kwa sababu alianza kusema kila kikombe kwa sauti kabla yangu, ingawa mimi ndiye mkubwa wake. Nilipostaafu walinipa blanketi, na meneja akasema kiwanda kimepoteza pua bora kuliko zote. Watu walipiga makofi. Kipkemoi naye alipiga.

Chupa zako za kwanza nilijibu kwa kusoma ulichoandika kwenye karatasi zake. Hayo mengine ya kuchanganya ni kweli, nilikupa kwa kumbukumbu. Ile lavenda nilidondosha tone kwenye karatasi. Likakauka bila kuacha doa, nikajua haijachanganywa na mafuta ya kupikia. Sikujua tapentaini nayo hukauka bila doa. Nikaandika kwamba ni safi.

Tangu nistaafu hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza kitu. Barua yako ilipofika niliisoma nikiwa nimesimama barabarani. Sikuweza kukujibu kwamba mtu unayemtafuta hayupo tena.

Huyo mwalimu anaendeleaje? Naogopa kuuliza.

Joab


Nairobi
11 Januari 1998

Kwa baba mdogo,

Salamu kwako na kwa mama mdogo. Heri ya mwaka mpya. Barua yako ilinifikia tarehe kumi na tisa Desemba, imelowa pembeni lakini inasomeka.

Mwalimu Chepchirchir alipona kifua. Mgongoni amebaki na alama mbili, anasema hazimuumi. Nilikwenda kwake kuomba msamaha, akanikaribisha chai, ila hakuniambia nirudi. Sasa ninafanya kazi peke yangu, nafuata wateja nyumbani kwao na mkoba. Wako watatu.

Nilikuwa nimekukasirikia hata jina lako sitaki kuliona. Lakini niliposoma habari za Kipkemoi kupiga makofi nililia. Hukuijua tapentaini kwa sababu usingeweza kuijua. Ulidanganya kuhusu pua, na hilo ni baya, lakini naona lilivyotokea. Mtu akipoteza kitu kama hicho hajui aanzie wapi kusema. Nimekusamehe, baba mdogo. Nimeandika polepole ili uone kwamba namaanisha.

Jambo moja tu linaniuma. Laiti siku ile kungekuwa na mtu mwingine hapo nyumbani wa kushika ile chupa na kuinusa, haya yote yasingekuwa.

Wako,
Janefer


Kaplong
27 Februari 1998

Kwa Janefer,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kupata, na nimeshindwa kukaa nayo. Umenisamehe kwa kitu ambacho si chenyewe.

Mtu mwingine alikuwepo.

Siku chupa ilipofika, niliweka tone kwenye karatasi kama nilivyokwambia. Lakini sikuridhika. Mama yako mdogo alikuwa anachambua mboga nikampelekea. Nikamwambia, "Nusa hii, Janefer anauliza kama ni nzuri." Alinusa mara moja akarudisha kichwa nyuma. Akasema, "Hii ni ya kupaka milango. Fundi aliyepaka milango ya kanisa alikuwa nayo. Mwambie mtoto asiguse."

Nilirudi mezani na kalamu. Nilikuwa tayari kuandika. Kisha nikafikiri: nikiandika hivi, ni pua ya Nyamoita iliyojibu, mama ambaye hajawahi kuingia kiwandani hata siku moja. Nikajiambia yeye anajua nini kuhusu lavenda, hajawahi kuiona. Wewe pia ulikuwa umesikia kitu kikali. Mlikuwa wawili mnasema kitu kimoja na mimi nisiyenusa nikasema kingine, kwa sababu ndimi niliyekuwa mwonjaji.

Jioni aliniuliza kama nimemwandikia mtoto. Nikamwambia, "Nimeandika ulivyosema."

Hajui mpaka leo. Barua zako huwa namsomea mimi, na ya Agosti sikumsomea yote.

Joab


Nairobi
30 Machi 1998

Baba mdogo,

Msamaha niliokupa Januari nimeuondoa. Ulikuwa wa mtu asiyejua, na wewe ulijua. Ulionywa mara mbili, na mimi kwa barua, na mama mdogo kwa mdomo wake, na ukachagua mgongo wa mwalimu uungue kuliko wewe kuandika kwamba mke wako ndiye aliyenusa. Mimi nimeacha kuamini pua yangu kwa ajili yako. Hata sasa nikifungua chupa mkono unasita.

Sitaki uniandikie tena maneno yako. Hivi ndivyo nataka.

Msomee mama mdogo barua zangu zote, za Mei, Agosti, Januari na hii, bila kuruka mstari. Kisha mpe hizi chupa tatu nilizotuma. Sijaandika kitu juu yake, ila mbili nimezifunga uzi wa rangi tofauti. Azinuse asubuhi kabla hajanywa chai, halafu wewe uandike anachosema, neno kwa neno. Ya kwako usiweke hata moja.

Janefer


Kaplong
3 Mei 1998

Kwa Janefer. Haya ni maneno ya Nyamoita, Joab ameshika kalamu.

Andika hivi. Mtoto wangu, sijui kuandika na sikujua haya. Nilikuwa nakaa hapa nikidhani ulipata jibu langu ukaokoka. Kila nikiuliza Janefer hajambo, naambiwa hajambo. Kumbe kazi iliisha tangu mwaka jana. Mwaka mzima nimekuombea uongezewe wateja, na kazi yenyewe haipo.

Amenisomea barua zote, tumeketi tangu ng'ombe akamuliwe mpaka sasa. Alikuwa anakohoa kila akifika mahali pabaya. Nimemwambia kohoa kisha soma.

Habari ya pua yake nilijua. Mke atakosaje kujua? Alikula mboga zilizochacha, akasema ni tamu. Nilinyamaza kwa sababu ni yake, nikafikiri akitaka kusema atasema. Ndiyo maana aliponiletea ile chupa ninuse nilifurahi. Nilisema moyoni, leo ameniambia bila kuniambia. Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko milango na rangi. Aliniomba pua yangu, nikampa, akaitupa, akarudi akaniambia ameituma. Alidanganya kwako, akadanganya na kwangu, katika siku moja.

Sasa chupa. Hii yenye uzi mweupe ni nzuri. Inaanza kama mchaichai, halafu inatulia kama nguo zilizokaa kwenye sanduku la mti. Ningelala nayo. Hii yenye uzi mweusi ina kitu kitamu mno, kinaumiza kichwa hapa juu ya macho. Nilikaa nayo, nikarudi, bado. Sijui ni kitu gani, wewe unajua, kipunguze. Hii isiyo na uzi, mafuta yake ya chini yamechacha, kama karanga za mwaka juzi. Harufu ya juu ni nzuri lakini inafunika ubovu. Imwage, na ile chupa kubwa uliyochotea mafuta hayo imwage pia.

Ile lavenda ya mwaka jana ulisikia mwenyewe kwamba inakwaruza. Ulisikia vizuri. Ukisikia tena, simamisha mkono.

Umeandika? Amesema ameandika. Haya, nisomee.

Amenisomea. Nimemwambia sasa kila barua yako itasomwa na watu wawili. Kesho naipeleka hii kwa Nicholas, mwalimu wa Sunday school, anisomee yeye kabla haijafungwa. Akikuta kitu kingine humo nitajua.

Mwisho wa maneno ya Nyamoita.

Janefer, uliniambia nisiweke neno langu, na hili ni moja tu, ili usishangae. Ukurasa wa kwanza kuna mahali neno limekatwa. Yeye alisema "alidanganya". Mimi nilikuwa nimeandika "alikosea", na nilipomsomea nikatamka "alidanganya". Alipomtaja Nicholas, nilirudi nikalikata, nikaandika lake.